Alama Nyeupe Juu ya Kiti cha Dereva

Saengdao Phromwong alinyang'anywa kazi yake kwa kosa la kumtii mtu yule yule aliyemnyang'anya. Inafaa hili lisemwe mapema, kwa sababu kando ya barabara ya Hang Dong, kusini mwa Chiang Mai, kisa husimuliwa kinyume chake. Husemwa kwamba yule mama mkagua magari alifanya kazi kwa uzembe, na bwana wa watu akaumia. Wanaosimulia hivyo ni wanaume wazima wenye elimu na heshima zao, na kati yao wamo waliokuwepo siku ile, waliosikia kila neno lililosemwa.

Baba yake, In Kham, alikuwa fundi bodi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya shamba la matunda ya lamyai, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, nyundo ilimwangukia binti. Jambo la kwanza alilomfundisha lilikuwa kufumba macho. "Rangi hudanganya macho," alikuwa akisema, "lakini bado haijazaliwa rangi ya kudanganya mgongo wa vidole." Binti akafumba macho, akapitisha vidole juu ya milango na matao ya magurudumu, mwaka baada ya mwaka, hadi akaweza kusema mahali bati lilipokunjwa na kunyooshwa kama mtu anavyoweza kusema kidonda cha zamani kilikuwa goti lipi. Baba alipofariki na karakana kuuzwa, Saengdao hakubakiwa na kitu ila vidole hivyo. Akavifanya riziki.

Wateja wake walikuwa watu wa magari ya zamani ya spoti, yale ya milango miwili na boneti ndefu, yaliyotoka Japani enzi za ujana wao na ambayo wakati huo waliyaona ukutani tu, kwenye karatasi za kalenda. Sasa walikuwa na vyeo na maduka, na walitaka ujana urudishwe. Mtu anayenunua gari la kubebea vitunguu hununua kwa akili. Anayenunua gari la spoti lililokwisha kubadilisha mabwana mara tano hununua kwa moyo, na moyo hauna macho. Ndiyo maana huazima ya mwenzake.

Saengdao alikuwa na taratibu zake, na hakuruhusu muuzaji azivuruge. Kabla hajasalimia sana aliweka kiganja juu ya boneti. Kama ilikuwa ya moto, aligeuka akaenda zake, kwa maana gari lililopashwa kabla mgeni hajafika lina jambo linalofichwa, na jambo hilo husikika tu injini inapowashwa ikiwa baridi. Alivuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa, akautazama ule upande ambao hauoni jua, kwa sababu gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa zulia na viti lakini hakuna anayekumbuka kuosha mkia wa mkanda. Alitoa tairi la akiba, akapapasa sakafu ya buti kutafuta kutu na mikunjo. Alichungulia vichwa vya bolti za bawaba, maana bolti iliyokwaruzwa rangi ni mlango uliowahi kung'olewa, na mlango haung'olewi bure. Alipitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kutafuta mahali palipojazwa puti, ambayo sumaku haiikamati. Kisha alimwambia muuzaji aache injini ingurume polepole kwa muda wa kunywa chai, halafu akanyage mafuta ghafla, naye akasimama nyuma kuangalia moshi una rangi gani. "Gari la spoti halizeeshwi na miaka," aliwaambia wateja. "Linazeeshwa na vijana."

La mwisho lilikuwa dari. Alifunga milango, akafumba macho, akaanza kubonyeza kitambaa cha dari taratibu, kutoka kona ya kioo cha mbele kwenda nyuma, kwanza upande wa abiria, kisha upande wa dereva, akifuata ukingo wa juu wa mlango. Gari lililopinduka likaungwa paa jipya huweza kufichwa popote ila hapo. Chini ya kitambaa, penye kiungo, pana kovu la kuchomelea, na kovu halisemi uongo.

Asubuhi ile ya mwezi wa Mei aliitwa na Worawit, mwenye shule ya masomo ya jioni ambayo nusu ya watoto wa mji walipitia. Gari lilikuwa kwenye hema la Kamjorn, muuzaji aliyeanza na turubai moja kando ya barabara na sasa akawa na mahema matatu na mbwa mnene. Worawit alikuja na mwenzake Phichet, mweka hazina wa chama chao cha wapenda magari ya milango miwili, aliyeshika mfuko wa ngozi ya nguruwe ya kukaanga na kutafuna bila kupumzika.

"Haya, Mama Daktari amefika," Kamjorn akasema. "Mgonjwa wangu yuko buheri wa afya, mama. Usije ukampa dawa akafa."

"Mgonjwa hasemewi na mganga anayemuuza," Saengdao akajibu, akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi.

"Umeona? Sijamwasha tangu jana. Mimi nakujua wewe, nakuogopa kuliko mke wangu."

"Mkeo anakuuliza ulipo. Mimi nauliza gari lilipokuwa."

Phichet akacheka mpaka akapaliwa na ngozi ya nguruwe. Worawit hakucheka. Alikuwa akilizunguka gari polepole, mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa asiguse maiti. Lilikuwa jeupe, la mwaka 1994, na alikuwa amelitafuta tangu akiwa kijana wa kufundisha hesabu kwenye vibaraza vya watu.

Saengdao akafanya kazi yake yote. Mkanda ulikuwa safi hadi mwisho. Bolti hazikuwa zimeguswa. Sumaku ilikamata kila mahali. Moshi ulikuwa mweupe kidogo, ukakatika. Gia ya pili iligoma kidogo, akamwambia Worawit waziwazi, naye akasema gia ya pili inatengenezeka. Akaingia ndani, akafunga milango, akabonyeza dari upande wa abiria. Palikuwa laini. Akahamia kiti cha dereva, akainua mkono, akafumbua macho.

Juu ya kiti, karibu kabisa na ukingo wa mlango, palikuwa na zile alama nyeupe za unga wa baraka, nukta kwa safu, ambazo mtawa hupaka kwenye dari ya gari jipya kwa kidole chake mwenyewe. Kila gari huko lina alama hizo. Saengdao alikuwa amezikwepa mamia ya mara kwa kupitisha vidole pembeni, kwa sababu mwanamke hagusi kilichobarikiwa na mtawa, na kwa kawaida huwa katikati, mbele ya dereva, hazimzuii mtu kazi. Hizi zilikuwa zimesukumwa hadi ukingoni. Hapakuwa na pembeni pa kupita.

"Dada, hapo usiguse," Worawit akasema, akiinama dirishani. "Hizo ni za mtawa mwenyewe, Luang Pho Kaeo. Si ndiyo, mzee?"

"Za Luang Pho Kaeo mwenyewe," Kamjorn akasema. "Mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wake wa karibu. Ndiyo maana halijapata hata mkwaruzo."

Saengdao akashusha mkono. "Basi gusa wewe, bwana. Wewe ni mwanamume, hakuna neno. Bonyeza tu hapo kandokando, polepole, uniambie kama kuna kitu kama kamba kinapita chini ya kitambaa."

"Mimi tena? Hata sijalinunua nianze kulichokoza?" Wote watatu wakacheka.

"Basi, bwana, hapo mimi sipajui. Nisije nikasema napajua."

"Anapajua Luang Pho," Worawit akasema. "Yatosha."

"Luang Pho alikagua kabla yako, Mama Daktari," Phichet akaongeza mdomo ukiwa umejaa, "na hakudai ujira."

Saengdao akatoka garini. Angeweza kusimama hapo akakataa kuondoka. Lakini mwanamke wa makamo aliyeajiriwa kwa asubuhi moja hamwaibishi mwajiri wake mbele ya muuzaji, na katika mji ule kumbana mtu hadharani ni utovu mkubwa wa adabu kuliko kumwacha aumie. Alisema mara moja, kwa sauti iliyosikika. Kwa viwango vya watu wale, hata hiyo mara moja ilikuwa nyingi.

Mvua za Agosti zilipolainisha kona za barabara ya Samoeng, Worawit aliteleza akagonga ukingo wa udongo. Mwendo haukuwa mkali. Mtu mwingine angetoka akatukana, akaita gari la kuvuta. Paa lilifunguka juu ya mlango wa dereva kama kopo, likamkandamiza bega. Walipomtoa, kitambaa cha dari kilikuwa kimechanika na kiungo kikaonekana, nguzo ya gari moja imechomelewa kwenye paa la jingine, na kovu nene kama kidole. Kwa nje lilikuwa limesagwa likawa laini kama kaure, na kwa kuwa lilikuwa chuma tupu, sumaku ililikamata. Kwa ndani hakuna aliyejisumbua kulisaga. Ndani kulikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa kulikuwa na baraka.

Mkono wa kulia wa Worawit ulipona nusu. Ulifika kifuani ukaishia hapo, na mwalimu huyo hakuweza tena kuandika juu ya ubao. Saengdao alimhurumia kwa dhati. Alimpelekea machungwa hospitalini, na nesi akayapokea mlangoni akasema mgonjwa amelala.

Chama kilimwita mwezi wa Septemba, mchana, kwenye mkahawa wa tambi za khao soi walikokutana kila Jumapili. Aliingia akawakuta wameshaagiza. Hakuna aliyemsogezea kiti, alivuta mwenyewe.

"Dada Saengdao," Worawit akaanza, mkono ukiwa umefungwa kifuani, "mimi sikuja kugombana. Nataka tu wanachama wajue. Ulikagua dari au hukukagua?"

"Nilikagua upande wa abiria. Upande wa dereva ulinikataza."

"Nilikukataza nini?"

"Kugusa. Nikakwambia basi mimi hapo sipajui. Ukasema anapajua Luang Pho."

Worawit akatabasamu lile tabasamu la mwalimu kwa mtoto aliyekosa jibu. "Sasa mnasikia. Nimelazwa wiki nne, nimepoteza mkono, halafu nasingiziwa, na mtawa naye anaingizwa humo."

"Bwana Phichet alikuwepo," Saengdao akasema. "Alitania kwamba Luang Pho hakudai ujira. Bwana Phichet, si ulisema?"

Phichet alikuwa akikamua ndimu kwenye bakuli lake. Aliikamua mpaka ikabaki ganda, akaendelea kukamua ganda. "Mimi nilikuwa kwenye simu," akasema.

"Ulikuwa unakula."

"Mtu hawezi kula akiwa kwenye simu?"

Wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa hukumu. Mzee mmoja upande wa mwisho wa meza akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia, "Mama, hata kama alikukataza. Wewe ndiye fundi. Fundi haogopi unga."

"Wewe ungegusa, mzee?"

Mzee akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, na labda ndiyo sababu hakuna aliyemtazama alipojibu. "Mimi nisingegusa," akasema. "Lakini mimi si fundi."

Hapo pana uovu wote wa jambo hili. Hapakuwa na mtu hata mmoja mezani pale ambaye angeweka kidole juu ya alama zile, na wote kwa pamoja walimhukumu mwanamke kwa kutokiweka. Angeligusa, wangemfukuza siku hiyo hiyo kwa kunajisi. Hakugusa, wakamfukuza kwa uzembe. Wahenga husema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Pale mkahawani waliishia kwenye nusu ya kwanza ya methali. Jioni hiyo picha yake ilizungushwa kwenye simu za wanachama na za wenye mahema, ikiwa na maneno ya kuwatahadharisha wanunuzi, na chini yake watu wasiomjua wakaandika kwamba tangu lini mwanamke akajua gari.

Alibakiwa na mlango mmoja. Asubuhi moja, baada ya watawa kumaliza kula, alikwenda hekaluni kwa Luang Pho Kaeo. Akakaa chini, mbali kama inavyopasa, akasimulia. Mtawa alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi, akamsikiliza akiwa amefumba macho.

"Zilikuwa wapi alama hizo?" akauliza.

"Ukingoni, Luang Pho. Juu ya mlango, usawa wa sikio la dereva."

"Hazikuwa zangu. Mimi hupaka mbele ya paji la uso, dereva aone akumbuke kwenda polepole. Nani huweka ukumbusho kando ya sikio?" Akakohoa kwa muda mrefu. "Yeyote anaweza kukoroga unga na maji, mama. Nawe pia unaweza."

"Niliona hazikukaa sawa. Nikaogopa."

"Ungegusa tu. Ni unga. Mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba dari haiguswi."

Saengdao alikuwa amekuja kutafuta shahidi, akapewa ruhusa, tena ruhusa iliyochelewa miezi minne. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo, kama Luang Pho angekubali kuwaambia chama hayo aliyomwambia yeye.

Mzee alifumbua macho, na hayakuwa macho ya mtu mbaya. "Leo nikiingia kwenye ugomvi wa wauza magari, kesho nitaitwa kwenye ugomvi wa ng'ombe na mipaka ya mashamba. Nitakuombea, mama."

"Ahsante, Luang Pho."

"Na huyo aliyeumia nitamwombea."

Aliporudi Hang Dong alisimulia aliyoyasikia kwa watu wawili watatu. Wakamwambia ni rahisi kudai mtawa alisema hivi na vile ukiwa peke yako. Kamjorn aliulizwa, akasema alama alizikuta alipolinunua gari, yeye ni nani hata ahoji baraka za watu. Gari lenyewe lilikuwa limeshauzwa kwa vipande. Kitambaa cha dari hakuna aliyejua kilikokwenda.

Kwa mwaka mzima alijaribu. Alikwenda kwenye gulio la magari la Jumapili akasimama karibu na lango, na wanunuzi waliokuwa wakimsalimia kwa mbali wakawa wanatazama simu zao. Kijana mmoja mgeni alimwajiri. Muuzaji alipomwona akafunga milango ya gari, akasema mama huyu mikono yake ina nuksi. Kijana akamtazama Saengdao, akamtazama muuzaji, akaomba radhi, akaondoka. Baada ya hapo hakwenda tena.

Alipata kazi kwenye duka la kushona viti na kubandika vitambaa vya dari, maana mikono haikusahau kuwa mizuri. Mwenye duka alimsifu. Magari mengi yalikuja pale kutoka kwenye mahema, na siku moja likaja la Kamjorn, jekundu, la milango miwili, dari yake imevuliwa tayari. Kamjorn alilileta mwenyewe.

"Mama Daktari, kumbe uko huku," akasema. Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hakuna ubaya kati yetu, eti? Kila mtu na riziki yake."

"Leo unatengeneza nini, mzee?"

"Kitambaa tu. Kile cha zamani kilikuwa kinanuka."

Alipoondoka, Saengdao alipitisha mgongo wa vidole kwenye chuma kitupu juu ya mlango wa dereva. Hakufumba macho, hapakuwa na haja. Kovu lilikuwa pale, nene, halikusagwa. Akamwita mwenye duka, akamwonyesha.

Mwenye duka akaangalia, akafuta mikono. "Sisi ni watu wa vitambaa, shangazi," akasema. "Gari si letu. Ukimkatalia Kamjorn, mahema yote yatahamia ng'ambo ya barabara. Nitakulipa nini mimi?"

"Atakuja mtu alinunue hili."

"Atakuja na mkaguzi wake."

Saengdao akasimama na gundi mkononi. Alifikiria kumpigia mtu simu, lakini kila aliyemfikiria alikuwa ameshaifuta namba yake. Angemwambia nani, na nani angeamini vidole vya nuksi? Akapaka gundi. Akatandaza kitambaa kutoka kona ya kioo cha mbele kwenda nyuma, akakibana kwa viganja, taratibu, mpaka kovu likapotea na dari ikawa laini kila upande. Ilikuwa kazi safi sana. Baba yake asingeona kasoro, ila kama angefumba macho.

Tarehe 10 Machi 2019, chama cha wapenda magari ya milango miwili kilipitisha kanuni mpya. Kila gari linalonunuliwa na mwanachama lazima libonyezwe dari pande zote mbili, penye alama za baraka na pasipo na alama, na mkaguzi awe mwanamume. Aliyeipendekeza ni Worawit. Mkaguzi aliyeteuliwa ni shemeji yake Phichet.